Kuotesha dungusi la manyoya la Andes kwa mbegu

Oreocereus celsianus ni dungusi la kichaka: hutoa matawi tangu shinani na kufika mita 1 hadi 2. Kwao ni nyanda za juu za Andes, kusini mwa Bolivia na kaskazini mwa Ajentina, penye nyasi ngumu, jua kali mchana na baridi ya kugandisha usiku. Manyoya yake meupe hulikinga na vyote viwili. Huko mvua hunyesha miezi ya joto, na miezi ya baridi huwa mikavu. Ratiba yako ya maji ifuate hivyo hivyo.

Changanya changarawe za milimita 2 hadi 4 sehemu tatu, na mboji iliyochekechwa sehemu moja. Upike mchanganyiko kwa mvuke nusu saa, uache upoe. Jaza kikopo chenye matundu chini, tawanya mbegu juu na usizifukie, maana zinahitaji mwanga. Kiweke kikopo ndani ya beseni la maji mpaka uso ulowe, kisha kifunike kwa plastiki angavu. Kikae kwenye mwanga usio wa jua la moja kwa moja, nyuzi 20 hadi 25. Mbegu huota kwa wiki moja hadi tatu. Baada ya mwezi, fungua kidogo kidogo kwa siku saba. Ukifunua ghafla miche hunyauka. Mche ukilala shina likiwa laini, hiyo ni kuvu: uchote pamoja na udongo wake upesi.

Hamisha miche baada ya mwaka, na usimwagilie kwa wiki moja ili majeraha ya mizizi yakauke.

Maji ndiyo huua madungusi mengi haya. Chomeka kijiti hadi chini ya chungu. Kikitoka kikavu, mwagilia ukingoni, kamwe si juu ya manyoya. Nairobi au Arusha, Juni hadi Agosti, karibu uache kabisa. Kitako kikiwa cha kahawia na kubonyea, mizizi imeshaoza.

Kagua vidung'ata (wadudu wadogo weupe kama unga) kila mwezi, kwa sababu hujificha manyoyani. Nywele za dungusi ni ndefu na laini kama hariri. Utando wa wadudu ni kama unga ulioganda, na huacha utelezi wa kunata. Uguse kwa pamba iliyochovywa spiriti, jioni, urudie baada ya siku saba.

Maua ya waridi, marefu kama sentimita 8, hutoka karibu na ncha za mashina yaliyokomaa tu, miaka mingi baadaye. Usizikate ncha hizo, na dungusi likishakua lipe jua la kutwa. Kivulini hurefuka jembamba na manyoya huwa haba.