Kabla hujakata tiketi ya kiwanja kidogo cha ndege cha pwani msimu wa mawingu

Kama unakwenda kwa ndege Lamu, Diani, Malindi, Pemba au Mafia kati ya Aprili na Agosti, acha kwanza habari ya bei. Tazama mawingu, halafu tazama ramani, ndipo uulize bei. Mimi kazi yangu ni kukatia watu tiketi hapa Mombasa, na simu za kilio ninazopigiwa nyingi hutoka kwa watu waliofuata bei peke yake.

Msimu kwanza. Masika huanguka Aprili na Mei, na pwani ya Kenya hakuna mwezi unaoushinda Mei kwa mvua. Yakiisha masika, kusi huendelea kusukuma hewa ya bahari kuja nchi kavu, hewa iliyojaa maji, na alfajiri utakuta mawingu yamelala chini juu ya mikoko. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, shida hii hupungua sana. Ukisafiri miezi hiyo, kata unayoitaka.

Halafu elewa kinachozuia ndege. Watu huona mvua wakaogopa, kumbe ndege hutua kwenye mvua kila siku. Rubani anachotaka kujua ni mawingu yako futi ngapi kutoka ardhini na anaona mbele umbali gani. Uwanja mkubwa kama wa Moi, Mombasa, au wa Nyerere, Dar es Salaam, una mitambo ya redio inayomwelekeza rubani mpaka kama futi 200 juu ya ardhi kabla ya kulazimika kuiona njia ya kutua. Ukunda, uwanja wa Diani, Manda, uwanja wa Lamu, au Mafia usitegemee hilo. Huko rubani hutegemea macho, au utaratibu wa setilaiti unaomruhusu kushuka mpaka kiwango fulani na si chini ya hapo. Asipouona uwanja, anapaa tena na kuondoka. Anayeruka kwa macho, kanuni za kimataifa zinamkataza kutua kwenye uwanja ulio ndani ya eneo la mnara wa kuongozea ndege ikiwa mawingu yako chini ya futi 1,500 au anaona chini ya kilomita 5, mpaka apewe ruhusa maalumu. Kwa hiyo ukiambiwa "Mombasa wametua, kwa nini sisi tusitue?", sasa jibu unalo.

Jifunze kusoma ripoti ya hali ya hewa ya viwanja. Iko bure mtandaoni na haihitaji shule. Kila uwanja una herufi zake nne: Mombasa ni HKMO, Malindi HKML, Lamu HKLU, Unguja HTZA, Pemba HTPE. Tuseme umeona hivi: HKLU 020400Z 20008KT 6000 -RA BKN007 25/24. Ruka yote uende kwenye BKN. Hiyo, pamoja na OVC, maana yake anga imefunikwa sehemu kubwa au yote. Tarakimu tatu zinazofuata zidishe kwa mia: 007 ni futi 700, na hapo shughuli ipo. FEW na SCT ni mawingu ya hapa na pale, usihangaike nayo. Ile 25/24 ya mwisho ni joto la hewa na kiwango ambacho hewa ikipoa hufikia ikaanza kutoa umande. Namba hizo mbili zikikaribiana hivyo, mawingu hayana haraka ya kuondoka. Saa yenye herufi Z ni ya Greenwich. Hapa Mswahili ana bahati: toa tatu tu, unapata saa yetu. 0400Z ni saa moja asubuhi.

Saa ya kuruka. Ndege ya kwanza ya asubuhi ndiyo inayokutana na mawingu yakiwa chini kabisa. Jua likipanda, siku nyingi nayo hupanda, kufikia saa nne au saa tano ndege zikaweza kutua. Lakini usikimbilie ya mwisho pia. Viwanja vidogo vingi havina taa, kwa hiyo ndege ya jioni ikichelewa kidogo tu, giza linaifungia mlango. Kata ya katikati, saa nne mpaka saa saba. Na kama unatokea uwanja wa Wilson Julai au Agosti, kumbuka Nairobi nayo ina mawingu yake ya asubuhi. Unaweza kukwama huko hata kabla hujaiona bahari.

Sasa jambo ambalo karibu hakuna anayeliuliza: ndege ikishindwa kutua, inakwenda wapi? Kwa kawaida rubani huondoka akiwa amepanga uwanja wa akiba na mafuta ya kumfikisha. Uwanja huo wa akiba ndio unaotakiwa kuuchunguza kuliko ule ulioandikwa kwenye tiketi, kwa sababu siku ya mawingu ndiko utakakoshukia.

Kuna familia ilikuwa na arusi Lamu, Ijumaa ya mwezi wa Mei. Upande wa mume walikuwa Nairobi, na kijana wao akawakatia wote ndege ya saa moja na nusu asubuhi kutoka Wilson, siku ile ile ya nikaha, wawahi swala ya Ijumaa. Mizigo ikapimwa, sanduku la bi arusi likazidi. Ndege ndogo hizi kila mtu ana kilo zake 15, na sanduku lenye doti za kanga, manukato na viatu halijui kilo 15. Wakaambiwa litakuja na ndege ya baadaye. Mama wa bwana arusi akanuna, lakini akapanda.

Walipofika juu ya Manda hawakuiona. Waliona weupe tu dirishani, mara kipande cha mkoko, mara weupe tena. Rubani akashuka, akapaa. Akazunguka, akashuka, akapaa. Mzee mmoja aliyekaa siti ya mbele akamgusa bega: "Kapteni, si ujaribu tena kidogo?" Akajibiwa, "Mzee wangu, nimejaribu mara mbili, sioni kitu." Wakaenda Malindi.

Malindi wakapewa mambo mawili: kurudi Nairobi na ndege ile ile bila malipo, au kushuka hapo na kila mtu ajitegemee. Ubishi ukachukua zaidi ya saa nzima. Hatimaye bwana arusi, kanzu yake imeshakunjamana, akakodi gari yeye na wajomba. Kutoka Malindi mpaka Mokowe, kwenye boti za kuvukia Lamu, ni zaidi ya kilomita 200, kupitia Garsen na Witu, na barabara hiyo ina vizuizi vya usalama ambapo mnashuka, mnatoa vitambulisho, mnapanda. Mokowe wakafika saa kumi jioni, bado boti ya kuvuka. Akina mama waliogoma kwenda kwa barabara walirudi Nairobi, na arusi wakaiona kwenye simu.

Na sanduku? Lilipakiwa ndege ya saa tano. Mawingu yalikuwa yameshapanda, ikatua Manda bila tatizo. Kufikia saa saba mchana sanduku liko sebuleni kwa bi arusi, mwenyewe mume hajulikani yuko wapi. Nikaha ilifungwa baada ya isha na pilau ikapashwa moto. Lamu mpaka leo ukimtaja bwana yule watakuuliza, yule aliyetanguliwa na sanduku lake?

Kwa hiyo pigia simu kampuni ya ndege uulize kwa maneno haya haya: mkishindwa kutua mnakwenda wapi, na kutoka hapo mnatufikishaje? Kisha pima. Ukunda ina jirani mzuri. Ndege ikienda Mombasa, Diani iko kama kilomita 40, na tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguliwe huna haja ya foleni ya feri ya Likoni. Malindi nayo: Mombasa iko kilomita 120, barabara ya lami. Pemba ikikataa utarudishwa Unguja, na kuna meli ya Mkoani. Manda ndiyo ngumu, umeshasikia. Mafia pia: ukirudishwa Dar es Salaam, njia iliyobaki ni kwa gari mpaka Nyamisati, kisha boti mpaka Kilindoni, na kusi likichacha bahari hiyo haina adabu. Kwa msimu wa mawingu, mteja wangu mwenye jambo lisilosubiri nampeleka Mombasa moja kwa moja, kwa ndege kubwa au kwa treni ya SGR, aendelee kwa barabara. Hapendi. Anafika.

Usimshinikize rubani, wala usishangilie anayejaribu mara ya tatu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyokuwa inajaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa iliangukia Ziwa Victoria. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 19 walikufa. Anayekurudisha Nairobi amekurudisha mzima.

Yaliyobaki ni madogo. Soma masharti ya tiketi, maana hali ya hewa ikiwa ndiyo sababu, hoteli na gari mara nyingi ni juu yako. Dawa, vitambulisho na nguo moja ya heshima viwe kwenye mkoba wa mkononi. Simu iwe na chaji, na weka pesa taslimu kidogo, mwenye boti wa Mokowe mtandao ukikatika hana subira. Andika namba ya nahodha na ya dereva kabla hujapanda. Mwenye mtoto abebe chakula. Mwenye mgonjwa asitegemee kabisa kiwanja kidogo. Na mwenye arusi, mazishi au kesi mahakamani afike siku moja kabla, mbili kama ni Mei.