Nadi Shodhana: Kupumua kwa Zamu Kabla ya Kutafakari

Katika Yoga Sutra, maandiko ya Kihindi yanayonasibishwa na Patanjali, njia ya yoga ina sehemu nane, na udhibiti wa pumzi, yaani pranayama, ni sehemu ya nne. Hutanguliwa na yama na niyama, ambazo ni maadili ya kujiepusha na dhuluma, uongo na wizi na ya kuishi kwa usafi na kuridhika, kisha asana, yaani mkao. Na baada yake hufuata kuzituliza hisi, kuikusanya akili mahali pamoja, kutafakari na hatimaye samadhi, yaani kuzama kabisa katika kutafakari. Kwa hiyo anayekimbilia kuzuia pumzi ilhali hajaweza kukaa kimya kwa robo saa ameruka hatua, hata kama mapafu yake ni ya mpiga mbizi.

Wanayoga huamini kwamba pumzi hubeba prana, nguvu ya uhai, ambayo hupita katika mikondo iitwayo nadi. Mitatu ndiyo mikuu: ida, wa kushoto, unaohusishwa na mwezi na ubaridi, pingala, wa kulia, unaohusishwa na jua na joto, na sushumna, unaopita katikati sambamba na uti wa mgongo. Nadi shodhana, yaani kupumua kwa zamu kwa tundu moja la pua kisha la pili, husafisha na kusawazisha ile miwili ya pembeni ili prana iingie katika ule wa kati. Mikondo hii isitafutwe katika picha za hospitali, kwa kuwa ni elimu ya kiroho. Hata hivyo, ukiweka mgongo wa mkono chini ya pua na kutoa pumzi, huenda ukahisi hewa nyingi ikitoka tundu moja kuliko la pili, na baada ya saa kadhaa zamu hubadilika.

Zoezi hili lifanywe tumbo likiwa tupu, na alfajiri ndiyo inayofaa zaidi. Kaa juu ya blanketi lililokunjwa, miguu ikiwa imekunjwa na mgongo umenyooka. Asiyeweza akalie kiti. Kunja kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia kuelekea kiganjani, ili kidole gumba kizibe tundu la kulia, na cha pete kizibe la kushoto. Gusa tu ile nyama laini iliyo chini ya mfupa wa pua, bila kuibonyeza pua hadi ikapinda.

Toa pumzi yote. Ziba tundu la kulia, vuta pumzi kwa la kushoto huku ukihesabu kimoyomoyo hadi nne. Ziba la kushoto, fungua la kulia, utoe kwa hesabu hiyohiyo. Vuta tena kwa la kulia, kisha utoe kwa la kushoto, na hapo umekamilisha mzunguko mmoja. Mizunguko mitano yatosha kwa anayeanza. Ukizoea, refusha kutoa pumzi hadi sita, kisha nane, huku kuvuta kukibaki nne. Aliyeketi kando yako asisikie unavyopumua. Na ukijikuta unavuta hewa kwa pupa, punguza hesabu mara moja.

Kuzuia pumzi, yaani kumbhaka, kusubiri mwalimu. Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15, huonya kwamba pumzi hufugwa polepole kama simba, tembo na chui milia, la sivyo humdhuru mwenyewe. Mjamzito na mwenye shinikizo la damu au maradhi ya moyo wasizuie pumzi kabisa, na mwenye mafua asubiri apone.

Wapo wanaochukua hesabu wakaacha imani, nao hupata utulivu wao. Lakini kwa Patanjali pumzi hutulizwa ili akili ifae kwa kutafakari. Kwa sababu hiyo, baada ya mzunguko wa mwisho shusha mkono, acha kuhesabu, ubaki umekaa kwa dakika kumi hivi, pumzi ikijiendea yenyewe. Siku ambayo muda ni mfinyu, punguza mizunguko, usipunguze kikao hiki.