Kushusha kii ya kodiani ya vitufe kutoka D hadi C

Mzee mmoja mpiga mwomboko (ngoma ya Wakikuyu inayopigwa kwa kodiani) aliniletea kodiani yake akitaka kii yake, yaani noti ambayo nyimbo zake zimejengwa juu yake, ishuke toni nzima, maana sauti yake haifiki tena pale D inapomdai. Kazi imekwisha na anaitumia. Naandika kwa yeyote mwenye kodiani kama hiyo: safu moja, vitufe 10, sauti mbili kwa kila noti. Upande wa kulia pekee una ndimi 40, yaani vipande vyembamba vya chuma vinavyotetemeka na kutoa sauti.

Nusu toni ni senti 100 kwenye tyuna (kipima noti), toni nzima ni 200. Toni moja ndiyo mpaka wangu. Ukitaka zaidi ya hapo, tafuta mabamba (vibebeo ambavyo ndimi zimefungwa juu yake) ya kii unayoitaka na uyapachike. Usimsikilize anayekwambia ulimi wowote unashuka popote. Huko Valledupar, Kolombia, kuna mafundi ambao kubadilisha kii za kodiani za vallenato, muziki wa huko, ndiyo riziki yao, na hata kwao bamba jipya ni sehemu ya kazi.

1. Pima kabla hujafungua

Piga kila noti, kusukuma na kuvuta, na uandike ilivyosoma. Ziba sauti ya pili ili usome moja moja. Tumia nguvu ya kati: ukikaza sana mvukuto, ndimi nene za chini hushuka na tyuna itakudanganya.

2. Fungua

Chomoa pini, tenganisha mvukuto, toa vibao vya ndimi. Piga picha. Andika namba kwenye kila bamba kwa penseli.

3. Jua ulimi upi ni upi

Kila bamba lina ndimi mbili. Ule unaouona kwa nje hulia ukisukuma. Wa ndani hulia ukivuta. Kwa mabadiliko ya senti chache, wa ndani unafikika kwa kuinua kingozi (kipande cha ngozi kinachoziba tundu lake) na kuuvuta kwa ndoano kupitia tundu. Kwa toni nzima usijaribu hivyo. Kata nta, toa bamba zima, ulifanyie kazi mezani.

4. Kushusha

Hapa ndipo siku zinapoishia.

Ulimi hushuka kwa njia mbili: kuukwangua shina karibu na ribiti, au kuuongezea uzito kwenye ncha. Wengi hukwangua tu kwa kuwa ni rahisi. Kwa senti 20 au 30 sina neno. Kwa senti 200 unalipunguza shina mpaka ulimi unalegea, unachelewa kulia, na siku moja unakatika katikati ya wimbo. Kwa hiyo ndimi za chini na za kati nazishusha kwa lehemu.

Safisha ncha kwa msasa laini. Weka tone dogo la lehemu upande wa juu tu, kwa joto la haraka. Chuma kikikaa motoni kinapoteza ugumu wake. Lehemu isivuke ukingo, la sivyo itagusa kuta za tundu na ulimi utakwaruza. Dawa ya kulehemu yenye asidi ioshe yote, kwa kuwa kutu haingoji. Weka nyingi kidogo kuliko inayohitajika ili noti ishuke kupita inapotakiwa, kisha ipunguze kwa tupa mpaka ipande na kufika. Kupunguza lehemu hakuumizi chuma.

Ndimi za juu ni fupi mno kwa lehemu. Hizo nazikwangua shina, mkwaruzo mmoja kisha napima, kwani mmoja tu unaweza kuhamisha senti kadhaa. Chini ya ulimi nasukumia jani jembamba la fila geji (kipima mianya chenye majani ya chuma) ili usipinde. Mashine ya kusaga sitaki kuiona karibu na meza hii. Ikiwa ulimi wa juu kabisa unakataa kufika, tafuta bamba lingine.

Baada ya kukwangua subiri. Chuma chenye joto husoma chini kuliko kilivyo. Ukikifuata moto moto, kikipoa utakuta noti iko juu.

Tazama pia mwanya wa ncha. Ikilala karibu mno na bamba, ulimi husongwa ukikaza mvukuto. Ikisimama mno, huchelewa.

Sasa jambo linalowachosha watu. Noti inayosoma sawa mezani haisomi sawa ndani ya kodiani, na tofauti si ile ile kwa kila ulimi. Ndiyo maana ulipima mwanzo. Kabla ya kugusa chochote, pima tena kila ulimi mezani (natumia mvukuto wa kodiani mbovu uliogongomewa kwenye meza, pumzi ya mdomo ina unyevu). Kama ulisoma +3 ndani na +9 mezani, basi mezani utalenga senti 6 juu. Lehemu huibadilisha tofauti hiyo kidogo, hivyo senti 5 za mwisho zimalizie ndani, ukifungua na kufunga. Hakuna njia ya mkato.

5. Nta

Nta ya nyuki sehemu 4, utomvu mkavu wa msonobari sehemu 1, iyeyushwe juu ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Pasipojaa nta, hewa itavuja.

6. Sauti ya pili

Sawazisha sauti ya kwanza yote kwa tyuna. Ya pili itegee sikio: A ya 440 pamoja na mwenzake wa 444 hutetemeka mara 4 kwa sekunde, na mzee alitaka hivyo hivyo. Unapoelekea noti za juu, acha mtetemo uongezeke polepole.

7. Besi

D iwe C, A iwe G, pamoja na kodi zake (noti zinazolia pamoja). Lehemu tena.

Iache wiki moja bila kupigwa sana, kisha pima zote upya. Ndimi zilizotoka motoni huwa zimesogea, na hizo ndizo utakazozigusa mara ya mwisho.