Namna ya kupima kidhibiti vitegemezi kabla ya kuchagua lugha ya programu

Kabla hujachagua lugha ya kuandikia mradi, chunguza kama inakuja na kidhibiti vitegemezi chake, yaani programu inayoleta maktaba zilizoandikwa na wengine na kutunza kumbukumbu ya matoleo yake. Binafsi naona lugha isiyo nacho inamwachia kila fundi mzigo ambao ungebebwa mara moja kwa niaba ya wote. Kipimo ninachokitumia ni kuchukua mradi ofisini Arusha mjini, kuutia kwenye flashi, kisha kuujenga upya Ngaramtoni kwenye kompyuta isiyo na bando.

Kwa lugha ya Rust, ambayo huja na kidhibiti chake kiitwacho Cargo, andika `cargo vendor` ukiwa ofisini. Amri hiyo hukusanya maktaba zote katika folda moja na kuonyesha mistari michache ambayo ni lazima uinakili kwenye faili ya `.cargo/config.toml`, ukiisahau, Cargo itaendelea kuzitafuta maktaba mtandaoni. Ukifika, andika `cargo build --offline`.

Python inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu lugha ilitoka mwaka 1991 ilhali pip, kidhibiti chake, ilianza kuandamana nayo katika toleo la 3.4, mwaka 2014, na katika miaka hiyo ya katikati kila kundi lilijizoesha njia yake. Tengeneza mazingira ya pekee kwa `python -m venv mazingira`, yawashe, sakinisha maktaba zako, kisha andika:

`pip freeze > mahitaji.txt`
`pip download -r mahitaji.txt -d maktaba`

Kwenye kompyuta ya pili, ndani ya mazingira mapya, andika:

`pip install --no-index --find-links maktaba -r mahitaji.txt`

Hakikisha mfumo endeshi na toleo la Python ni yale yale pande zote mbili. Niliwahi kupeleka mafaili yaliyopakuliwa kwenye Linux kwa chama cha wakulima wanaotumia Windows, nikarudi na daladala ile ile bila kazi kufanyika.

C haina kidhibiti rasmi. Vidhibiti vya nje kama Conan na vcpkg vipo, lakini kuchagua ni juu yenu, hivyo orodhesheni maktaba na matoleo yake kwa mkono.

Wapo wanaohofia kwamba chombo kilichofungwa pamoja na lugha kitazeeka nayo. Hoja hiyo ina uzito, ila pip hutoa matoleo yake yenyewe, na `python -m pip install --upgrade pip` huipandisha bila kuigusa Python.