Kutoka steji hadi rafuni: venye unaweza kufanya watoto wa praimari wapende historia wakiwa maktaba

Muulize mtoto wa gredi 4 huku Eastlands, Nairobi, Tom Mboya ni nani, atakuambia hapo ndio tunapandia matatu. Koinange? Steji. Ronald Ngala? Steji pia, na kuna maduka mengi ya nguo. Na hajakosea, hayo majina ameyasikia kwa makanga tangu akiwa amebebwa mgongoni, na mimi nimeona hapo ndio pahali pazuri kuliko pote pa kuanzia historia, kuliko hata ukurasa wa kwanza wa kitabu cha Masomo ya Jamii, juu mtoto tayari anayo historia mdomoni, ni vile tu hajaambiwa kuwa ni historia.

Naandikia walimu wenzangu wanaoshika maktaba za shule, na pia wazazi wanaojitolea. Usingoje maktaba kubwa. Yetu ilikuwa stoo ya madawati yaliyovunjika, tukatoa madawati, tukapata rafu nne, na vitabu vingi vilivyokuwa hapo vilikuwa vya kujiandaa kwa mitihani. Kama huna hata chumba, katoni mbili za vitabu na mkeka chini ya mti zinatosha kuanza karibu kila kitu nitakachosema hapa.

Basi hiyo ya steji inaenda hivi. Bandika manila ukutani, chora barabara kubwa za tao kwa feltipeni, mistari tu bila urembo. Waambie wataje kila steji na kila barabara wanayoijua. Watapiga kelele, waache wapige, wewe andika. Ukimaliza chagua majina manne ama matano, lakini chagua yale ambayo umeshaangalia jana yake ukaona kuna kitabu ama gazeti kwa rafu linayataja, juu hakuna kitu inamaliza hamu ya mtoto kama kutumwa kutafuta kitu ambacho hakipo. Kila kikundi cha watoto watano sita kipate jina moja na swali moja pekee: huyu mtu alifanya nini mpaka barabara ikaitwa jina lake? Swali moja. Ukiwapa karatasi ya maswali kumi wataanza kujaza nafasi na kuangaliziana, hapo umeshawapoteza.

Hapo ndio unawafundisha kutumia kitabu, bila kuwaambia leo tunajifunza kutumia kitabu. Waonyeshe yaliyomo mbele na faharasa nyuma, waone kwamba ukitafuta Kimathi huhitaji kusoma kurasa 200, unaenda herufi K unapata namba ya ukurasa. Mtoto akigundua hiyo faharasa mara ya kwanza uso wake unabadilika, nimeiona mara nyingi na bado sijaizoea.

Watarudi na vitu. Kwamba Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa tarehe 18 Februari 1957, na sanamu yake pale Kimathi Street iliwekwa 2007, miaka 50 baadaye. Kwamba Tom Mboya alisaidia vijana wengi kupelekwa kwa ndege kusoma Marekani kuanzia 1959, na alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969 hapo hapo tao, kwa barabara ambayo sasa inaitwa Moi Avenue. Watoto wanashtuka sana na hiyo, juu wanapita hapo na mama zao Jumamosi. Usiiharakishe. Wacha waulize.

Kipindi cha pili, siku nyingine (dakika 35 hazitoshi mambo yote), walete majina ya zamani. Kimathi Street ilikuwa Hardinge Street. Tom Mboya Street ilikuwa Victoria Street. Moi Avenue iliitwa Government Road, na Kenyatta Avenue iliitwa Delamere Avenue. Andika kwa safu mbili, ya kale na ya sasa, alafu nyamaza. Kuna mtoto ataona mwenyewe kwamba upande mmoja ni majina ya Waingereza. Akishasema, uliza: sasa nani ndiye hutoa majina ya barabara? Tulimalizia kwa kuwaambia wachague jina la ile njia ya kutoka geti hadi darasani, na kila kikundi kilete sababu kutoka kwa kitu walichosoma, si ati juu ni jina linasikika poa. Walibishana hadi kengele ya lanchi.

Sasa kwa wadogo, gredi 1 hadi 3, hizo tarehe usiwape. Mtoto wa miaka saba akisikia "zamani", kwake zamani ni moja, nyanya yake akiwa mdogo na wakati wa dinosaria ni pahali pamoja. Hao wanataka kamba. Chukua kamba ya kuanika nguo na vibanio, ifunge kutoka ukuta hadi ukuta, amua kwamba nusu mita ni miaka kumi. Anza na 1899, mwaka reli iliyotoka Mombasa ilifika hapa Nairobi, wakati hapa palikuwa kinamasi na jina la Kimaasai la maji baridi. Kutoka hapo mpaka leo unahitaji mita sita unusu hivi, chumba cha kawaida kinaenea. Kila mtoto achore picha yake akiwa mchanga aining'inize kwa mwaka aliozaliwa, alafu ya mama, alafu ya shosho ama guka kama wanajua mwaka. Weka 1963, bendera ya Uhuru. Weka 2004, Wangari Maathai akipata tuzo ya Nobel. Wataona kwa macho yao kwamba wao wako huku mwisho kabisa wamejazana kama nguo za wiki nzima, na kule kwa reli hakuna mtu wanayemjua. Iache hiyo kamba ikae muhula mzima. Kila mkisoma hadithi yoyote mnauliza, hii tunaining'iniza wapi?

Kitu ingine ambayo haihitaji pesa ni sanduku. Waombe wazazi na majirani wakuazime vitu vya zamani: pasi ya makaa, taa ya chemli, kanda za kaseti, simu ya kuzungusha namba, senti za zamani zile zenye shimo katikati. Kwa rejista andika ni cha nani na kirudishwe lini, juu ukipoteza pasi ya shosho ya mtu mradi umekufa hapo. Sheria ni moja: mwalimu hataji jina la kitu. Kinazunguka mkono hadi mkono, na kila mtoto anasema kitu kimoja anachoona, sio anachofikiria. "Ni nzito." "Iko na matundu kando." "Ndani kuna jivu." Baadaye ndio wanabuni ilikuwa ya nini, baadaye kabisa ndio wanaenda kwa rafu kuhakikisha. Senti ya shimo peke yake inaweza kumaliza kipindi. Kuna mwaka, kuna jina la mfalme wa Uingereza, kuna pembe za ndovu, na kuna maneno East Africa bila Kenya popote. Mfalme wa mbali anafanya nini kwa pesa ya kununulia mandazi? Hilo swali liliulizwa na mtoto, si mimi.

Kwa gredi 5 na 6 ongeza kipande, ile pasi ya wakati wa mkoloni. Huwezi kupata cha ukweli, tengeneza kwa mkebe mdogo na kamba ya kuvaa shingoni, ndani karatasi yenye jina, alama ya kidole, mwajiri na mshahara, kama vile wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kutoka karibu 1920. Hapa nina msimamo. Msiigize kupigwa, msifanye nusu ya darasa wawe mabwana na nusu wawe watumwa ndio ati waelewe. Nimewahi kuona hiyo ikifanywa na watoto wakaenda nayo hadi uwanjani, wakaanza kuamrishana. Kivae wewe mwalimu, dakika tano tu, uongee nacho kikining'inia kifuani, alafu ukitoe ukiweke mezani. Inatosha.

Mwaliko wa mzee ndio kitu ninachokipenda kuliko zote. Mtu anayekumbuka vizuri usiku wa Uhuru sai ni wa miaka 70 na kitu, wengine wanaelekea 80, kwa hivyo hatuna muda wa kupoteza. Wengi wako ushago, na hiyo si shida, piga simu weka laudspika, ama ngoja likizo ya Agosti watoto waende na maswali. Maswali yatengenezwe maktaba, kwa pamoja, na yawe madogo. "Ukoloni ulikuwaje?" mzee atajibu ulikuwa mbaya, basi. Lakini "ulienda shule umevaa nini?", "siku ya Uhuru ulikula nini?", "ulisikia habari kwa redio ya nani?", hapo atafunguka nusu saa. Ongea naye kwanza wewe mwenyewe, umuulize kwa heshima kuna mambo gani hataki kuguswa. Kuna wazee ambao hali ya hatari ya 1952 iliwachukulia baba, kuna familia hapa Nairobi bado zina kidonda cha bomu la 7 Agosti 1998 ama cha vita vya baada ya uchaguzi wa 2007. Mtoto asimfungue mtu kidonda darasani kwa sababu hakuambiwa. Na wafundishe adabu, wampe mgeni shikamoo, kiti na maji, wasikatize.

Wakishasikiliza, waandike. Hapo sisi tunafanya kitu kimoja ambacho ningetaka kila shule ifanye: maandishi yanakuwa kitabu. Karatasi zinakunjwa katikati, zinashonwa kwa uzi wa magunia, jalada ni manila, mtoto anaandika jina lake kama mwandishi, alafu kinapewa namba kama vitabu vingine na kinaingia rafuni. Kwa rafu ile ile, si pembeni kwa meza ya maonyesho.

Wakubwa wanaweza kwenda mbele kidogo, walinganishe. Mfano tuliotumia ni Machi 1922, watu walipokusanyika kudai Harry Thuku, mwanasiasa aliyepinga mkoloni, aachiliwe kutoka polisi hapa Nairobi, na Mary Muthoni Nyanjiru akawa mbele ya umati, wakapigwa risasi. Serikali ya mkoloni ilisema waliokufa ni 21, watu wengine walisema ni wengi zaidi ya hao. Watoto wakauliza gani ndio kweli. Usijibu. Waulize nani alihesabu, alikuwa amesimama wapi, na nani angepata shida kama namba ingekuwa kubwa. Mtoto wa miaka kumi na moja anaweza hiyo kazi kabisa.

Kuhusu tripu, kama shule inaweza kukodi basi, maktaba yenyewe ni historia. McMillan pale Banda Street ilifunguliwa 1931, na hadi 1958 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Wasimamishe watoto kwa ngazi, katikati ya wale simba wawili wa mawe, uwaulize: ungekuja hapa mwaka wa 1950 ungeingia? Kisha waingie. Sijawahi kuona watoto wakiingia mahali kwa utulivu namna hiyo. Kwa walio Eastlands kuna matawi yake Kaloleni na Makadara, ya Kaloleni iko karibu na soshio ambapo wanasiasa wa kupigania Uhuru walikuwa wakifanya mikutano, hata nauli hamhitaji kama mnatoka karibu. Makavazi ya Taifa pale Moi Avenue pia ni pazuri, jumba lilikuwa benki, na ndani kuna vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais. Piga simu kabla, uulize siku, ada na idadi ya watoto, ukishajua ndio uandikie wazazi barua.

Kama una darasa la watoto 60, na wengi tuko nao, usiwaingize wote kwa maktaba mara moja. Wagawe mara tatu, kikundi kimoja ndani na wewe, kingine nje kikichora ama kuandaa maswali, kingine darasani na mwalimu wao, wiki ijayo wanabadilishana. Magazeti ya zamani omba kwa wazee wa mtaa na kwa buchari kabla hayajafungiwa nyama. Maksi usitoe. Zawadi ya kikundi cha kwanza kumaliza pia usitoe, juu wataanza kukimbia na hakuna mtu atasoma.

Na vile vitabu vya kushona viangalie kila mwisho wa muhula. Cha shosho mmoja aliyekuwa akiuza maziwa kwa miguu akiwa msichana kimeazimwa hadi jalada likatoka, mjukuu wake akaja na sindano yake mwenyewe kutoka nyumbani, tukaketi sakafuni tukakishona tena.