Kurekodi kumbukumbu za wawindaji bata wa zamani, Malindi

Nenda baada ya swala ya alasiri, mzee akishapumzika. Kaeni ndani, upepo wa kusi ukivuma barazani utafunika maneno, na hakuna programu itakayoyarudisha. Weka simu hali ya ndege, juu ya kanga iliyokunjwa, shubiri mbili hivi kutoka mdomoni mwake. Ukiiweka mezani patupu, itanasa kila kikombe kinachotuliwa.

Usiulize mwaka, atabahatisha. Uliza: kabla au baada ya mafuriko ya 1961, uhuru wa 1963, marufuku ya uwindaji ya 1977? Tandaza ramani aoneshe kwa kidole: maziwa ya Jilore na Chemchem, mdomo wa mto Sabaki.

Halafu bunduki ya marisau. Nani alipiga, nani aliibeba, nani aliingia majini kuokota bata, na alilipwa nini? Kaa kwenye maswali haya muda mrefu. Daftari la klabu ya wawindaji, likipatikana, huorodhesha wanachama, waokotaji hawamo.

Idadi ya bata ichukue kwa tahadhari: siku ya kurudi mikono mitupu husahaulika upesi. Kuhusu kufifia kwa klabu, usimtilie jibu mdomoni. Ngoja ataje mwenyewe leseni, bei ya risasi au maji kukauka.

Nakili faili mahali pawili jioni hiyo hiyo.