Mtihani wa maumbo kwenye usaili wa kazi: jinsi ya kujiandaa

Waombaji wengi hapa Kampala hukesha na hesabu na Kiingereza, kisha wakifunguliwa ukurasa wa mishale, nukta na miraba wanaduwaa. Ulichosoma chuoni hakikusaidii sana hapa. Kinachopimwa ni wepesi wa kuona kanuni, na kanuni zenyewe si nyingi: umbo huzunguka, huhama, hubadilika rangi, huongezeka au kupungua idadi, au maumbo mawili hulaliana.

Usilitazame umbo zima kwa mpigo. Fuata kitu kimoja hadi mwisho, futa majibu yanayokipinga, ndipo ushike kingine. Tuseme kuna miraba minne, kila mmoja una mshale na nukta, ila wa nne ni mtupu nawe unatafuta kinachopaswa kuwamo. Mshale unaelekea juu, kisha kulia, kisha chini: unazunguka nyuzi 90 kwa mwendo wa saa, kwa hiyo utaelekea kushoto. Majibu ya mshale mwingine yafute hapo hapo. Sasa nukta: kona ya juu kushoto, chini kushoto, chini kulia, inakwenda kinyume cha saa, itatua juu kulia. Rangi yake ni nyeusi, nyeupe, nyeusi, itakuwa nyeupe. Mara nyingi jibu hubaki moja kabla hujamaliza kukagua kila kitu.

Kwenye jedwali la visanduku tisa, soma safu za kulala kwanza, kisha za kusimama. Kanuni inayowaangusha wengi ni ya kufutana: mstari uliomo katika visanduku vyote viwili vya kwanza hutoweka katika cha tatu. Kisanduku chenye msalaba kikifuatwa na chenye mstari wa kulala, cha tatu hubaki na mstari wa kusimama tu.

Mtego mwingine ni umbo lililogeuzwa kama kwenye kioo. Herufi L unaweza kuizungusha utakavyo, haitakuwa L ya kioo. Ukishindwa kuona, ichore kwenye karatasi uizungushe.

Wiki mbili za dakika 30 kila siku zinatosha kwa kuanzia. Wiki ya kwanza usijipime kwa saa, na kila swali ulilokosa liandikie kanuni iliyokupita. Hiyo orodha ina faida kuliko maswali mia mapya. Wiki ya pili jipime kwa dakika moja kwa swali. Likigoma, ruka, ila soma maelekezo kwanza, maana baadhi ya mitihani ya kompyuta hairuhusu kurudi nyuma. Kama jibu baya halikatwi alama, usiache swali tupu.

Mtihani ukiwa wa mtandaoni, usiufanyie kwenye simu ukiweza kuepuka: nukta ndogo hazionekani vizuri. Chaji kompyuta mpaka ijae, na uwe na bando kwenye simu, kwani umeme ukikatika, mara nyingi saa ya mtihani huendelea kuhesabu. Ukiitwa ukumbini, beba kitambulisho cha taifa na penseli mbili.